Madaftari Kati ya Njegere

Mto uliingia saa tisa za usiku, haukubisha hodi.
Huku mashariki mwa Uingereza nchi ni bapa,
maji hayana pa kwenda ila kwetu.
Ukashuka ngazi za ghala la nyaraka,
ukasoma kila kitu hadi asubuhi, mstari kwa mstari,
kisha ukaenda zake,
umeacha tope liwe alama ya ulipofikia.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Sawa. Na daftari lenyewe likizama,
liandikwe wapi?

Winifred Skelton, mkuu wetu, alisimama majini na viatu vya mpira,
mkononi sanduku limeoza kitako.
Hakulia. "Karatasi ikilowa," alisema,
"ina siku mbili. Baada ya hapo mrithi ni kuvu."
Akampigia simu Garfit wa kiwanda cha njegere.
Kimya. Kisha: "Nigandishe vitabu?"
"Kama njegere."
"Vina harufu?"
"Vya karne mbili, Garfit. Vina harufu."
Saa saba mchana yakaja malori mawili.

Tulijipanga foleni, makarani, wanafunzi,
kasisi mmoja ndani ya kaptula,
tukipokezana kama watu wazimao moto,
ila hapa maji ndiyo yaliyounguza.
Daftari la ubatizo limevimba kama mkate.
Mishahara ya kiwanda cha matofali.
Ramani za mifereji,
ambazo mto, nadhani, ulizitazama kwa dharau.
Kurasa kumi na nne za kikao kuhusu bata bukini wa mjane Cuthbert
na nani alipe kabichi.
Mwishoni, daftari la nyumba ya maskini,
ngozi yake ikiteleza kama samaki.

Tukavifunga nailoni, tukavipa namba,
vikalala nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri,
kushoto njegere, kulia marehemu,
na kijana wa zamu ya usiku, nasikia,
alikuwa akivua kofia kila apitapo.

Kila Jumanne alikuja Amos Leggott, miaka themanini na mmoja,
akimtafuta mama wa bibi yake.
"Bado ameganda," nilimwambia.
"Mwambie aharakishe. Mimi sikugandishwa."
Akakaa karibu na kipasha joto,
akala biskuti aliyokatazwa na daktari, akaondoka.

Miezi kumi na mmoja.
Mashine ya kukausha iliinyonya barafu
bila kuirudisha kuwa maji; iliruka ikawa hewa,
kama mgeni aondokaye karamuni bila kuaga.
Kisha kazi yetu ile isiyopigwa picha:
brashi laini, tope kavu, kibanzi cha mfupa,
pini zenye kutu zikidondoka moja moja kwenye kisahani.
Siku nyingine kazi yote ni ukurasa mmoja.
Siku nyingine ukurasa unakataa.

Jumanne ile nilimpa Amos penseli,
nikalilaza daftari juu ya mto,
huu wa sponji, uliokauka, usiokwenda popote.
Wino ulikuwa umekimbia na safu nzima ya baba.
Yalibaki machache:
Keziah. Siku tatu. Soksi, jozi moja.
Alisoma kwa kidole kisichogusa.
Akasoma tena.
"Soksi za rangi gani?"
"Haikuandikwa."

Akatoa kijitabu chake cha mfukoni,
akaandika polepole kwa penseli yetu, akachana karatasi,
akaisukuma upande wangu wa meza:
*Keziah alipewa soksi. Rangi haijulikani. Imeulizwa leo.*
Tarehe. Sahihi.

"Na hii," akasema, "mnapokea?"

Nikaenda kuchukua fomu.